Mkaa Usio na Moshi

Kama ungepita mtaa ule ukauliza ni nyumba gani safi kuliko zote, wasingekuonesha ya mwenye gari wala ya mwenye ghorofa. Wangekuonesha vyumba viwili vya dobi, vinavyotazama barabara ya vumbi, madirisha yamefungwa mwaka mzima na mlango hauachwi wazi hata kwa mgeni. Ukipiga hodi unaambiwa, "Pita upesi, pita, usituingizie barabara humu ndani!" Unaingia mbio kama mwizi, na kabla hujageuka mlango umeshafungwa nyuma yako.

Jina alilopewa na wazazi wake watu walishalisahau. Walimwita Kola, kwa sababu kola ya shati aliyoipiga pasi yeye ilisimama wima kutwa nzima, na wenye utani walisema ukiinama ghafla itakukata shingo. Alikuwa mtu mfupi, mikono ya nguvu, mdomo haulali, na sifa alizipenda, tusimfiche. Nguo nyeupe ndizo zilikuwa zake. Za rangi aliwaachia "wafuaji," neno alilolitamka kama mtu aliyetafuna ndimu.

Kazi aliirithi kwa baba yake, na pamoja na kazi alirithi sheria mbili. Ya kwanza: nguo nyeupe haiogopi maji, inaogopa mlango. Vumbi la barabara lilikuwa adui wa ukoo. Kwa hiyo chumba cha kazi kilizibwa kikazibika. Dirisha lilipigiliwa nailoni pande zote nne, nyufa za ukuta zikajazwa magazeti yaliyolowekwa, na chini ya mlango, kila alipoanza kupiga pasi, alisokomeza tambara refu alilolikunja mwenyewe. Sheria ya pili ilihusu mkaa. "Mkaa unaofuka ni mchawi," baba yake alikuwa akisema. "Uwashie nje, upepee, ungoje moshi wote uishe. Ukiuona umekuwa mwekundu, umenyamaza, hauna hata uzi wa moshi, huo umeshatubu. Uingize ndani."

Na Kola hakuwahi kuivunja sheria hiyo hata siku moja. Kila asubuhi ya pasi alikaa uani na jiko lake, akipepea, akingoja, hana haraka. Jirani aliyeingiza jiko linalofuka ndani alimsema mchana kweupe: "Unataka kuwaua watoto wa watu?" Lake alilichunguza kama anayechambua mchele, kisha akalibeba, akaliweka pembeni mwa meza. Alikuwa na pasi mbili nzito za mkaa, moja mkononi, nyingine inangoja zamu, na jiko pale chini la kuongezea makaa. Pasi ya umeme alikuwa nayo pia, zawadi ya binti yake, bado iko ndani ya boksi. "Nyepesi," alisema. "Hiyo inaibembeleza nguo. Nguo haibembelezwi, inaamriwa."

Baba yake alikufa kwa kifua kabla hajazeeka. Watu walisema ni sigara, ingawa marehemu hakuwahi kuvuta hata moja.

Mke wa Kola naye alikuwa na kichwa. Kipandauso, walikiita. Siku ya kufua yuko uani anaimba. Siku ya pasi, akikaa chumbani kukunja nguo, ikifika saa sita keshajifunga kitambaa kichwani, anaona kichefuchefu, hataki kusemeshwa. Lakini akienda kwa dada yake wiki moja anarudi anang'aa, anakula kwa watu wawili. Kola humtania, "Huko kwa dada yako kuna dawa gani? Au kuna mwanamume?" Wanacheka, wanaendelea na kazi. Mwaka juzi yule mama alikaa kwenye kigoda chake na shuka imekunjwa nusu mapajani, asiinuke tena. Wakasema moyo. Kola alizimalizia shuka zile mwenyewe kwa sababu zilikuwa za watu, na alizililia mpaka ikabidi azifue upya.

Basi ndiyo hivyo. Binti yake akarudi nyumbani na mtoto mchanga wa kike, maana baba wa mtoto alikwenda kununua vocha na hajarudi mpaka leo. Binti akapata kazi kiwanda cha mikate, anatoka alfajiri anarudi saa kumi, na mtoto anabaki na babu. Kola alimwita Kifungo, kwa kuwa alizaliwa mdogo kama kifungo cha shati, na akamtangaza mtaa mzima kuwa ndiye mke mdogo, wa kumliwaza uzeeni. Alimpikia uji, akamwosha, akamfunga mgongoni kwa shuka nyeupe iliyonyooka kuliko shuka za harusi. Ungetaka kumwona Kola kanyamaza, ungemkuta anamwangalia yule mtoto. Hakuwa na kitu kingine duniani, na yeye mwenyewe alilisema hilo bila aibu.

Aliyepanga chumba cha jirani alikuwa fundi cherehani, mama mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa nyuma. Siku moja akauliza kupitia ukutani, "Kola! Mbona leo mkeo hatujamsikia? Jana katupasua masikio."

"Jana ilikuwa siku ya kufua," Kola akajibu. "Leo siku ya pasi. Mjukuu wa dobi huyo, akisikia joto la pasi analala fofofo. Ana heshima na kazi!"

"Mtoto mtulivu hivyo ni baraka," fundi akasema.

"Baraka tupu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku za kufua Kifungo analia, anarusha miguu, anataka kubebwa. Siku za pasi analala tangu saa tatu mpaka alasiri, kwenye kikapu cha nguo, kwenye joto zuri, hageuki wala hashtuki. Jioni anatapika maziwa kidogo. Meno hayo, Kola alisema. Paka wao wa miaka mingi alihama mwezi huohuo, akawa analala kwa fundi, na hata umwite na dagaa haingii tena kile chumba. Kola akasema paka hana shukrani. Jamani, mtu anaweza kuoneshwa kitu kwa vidole vyote kumi, akatazama ukucha!

Mteja wake mkubwa alikuwa nesi mmoja, dada mrefu mwenye maneno machache, aliyemletea sare zake na za wenzake. Juma moja alikuja kuchukua mzigo, akaingia mpaka chumba cha kazi, akasimama kidogo, akajishikiza mezani.

"Mzee Kola, humu ndani hakuna hewa."

"Hewa ipo, dada, ila haina vumbi. Hujaizoea tu."

"Kichwa kinaniuma, na nimekaa dakika tano. Na mtoto unamlaza humuhumu?"

"Unaona moshi hapa?" Kola alimwonesha jiko kwa fahari, makaa mekundu, yametulia. "Nionyeshe moshi nikupe sare zako bure mwaka mzima."

"Kibaya siyo moshi peke yake, mzee wangu. Fungua dirisha, au jiko litoke, au mtoto atoke."

"Haya, nimesikia," akasema, kwa sauti ile tunayoijua sote, ya mtu ambaye hajasikia. Nesi hakubishana. Alisema chuo cha wauguzi kina mahafali Jumamosi, sare arobaini nyeupe, na yeye kamtaja Kola mbele ya mkuu wa chuo. Dobi alikaribia kuruka. Dirisha likasahaulika palepale.

Sare zililetwa Jumatatu. Jumanne ikaanza mvua, na si mvua ya kupita, ni ile inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kola alifua, akatia buluu ya kung'arishia, akatia wanga wa kukazia, lakini hakuna pa kuanika. Akafunga kamba nane ndani ya chumba cha kazi, ukuta kwa ukuta, akatundika sare zote arobaini, na kwa kuwa hazikauki akaongeza jiko la pili. La kwanza la pasi, la pili la kukaushia. Yote mawili aliyawasha barazani, akangoja yatubu, ndipo akayaingiza. Jumatano ikapita hivyo, mtoto akashinda kwa fundi cherehani. Alhamisi fundi akaitwa na mteja wake kwenda kupima nguo za harusi, atarudi mchana.

Binti alisimama mlangoni kwenye giza la alfajiri, ameshajifunika mfuko wa nailoni kichwani, tayari kwa mvua. Hakutoka.

"Baba, leo nikae?"

"Ukae ufukuzwe kazi? Nenda, mwanangu."

"Basi fungua dirisha. Nusu tu. Jana nimelala na kichwa kinagonga, na mimi sikushinda humo."

"Wewe una usingizi wa mikate."

"Baba, nakuomba. Mama naye alikuwa anasema kichwa."

Hapo Kola aliacha utani. Jina la marehemu halikuwa la kutupiwa mtu asubuhi asubuhi. "Nitafungua," akasema. "Naapa kwa kaburi la mama yako, nitafungua. Nenda."

Na alifungua. Hilo lazima tuliseme, maana baadaye watu walimsingizia kuwa hakufungua kabisa. Aling'oa misumari minne, akakunja pembe ya nailoni, akalisukuma bawa moja la dirisha, na hewa ya mvua ikaingia baridi. Kifungo akaamka kikapuni, akaanza kupiga kelele zake, anarusha miguu. Kola alimbeba mkono mmoja, akapiga pasi kwa mkono mwingine, akimwimbia nyimbo alizozitunga palepale kuhusu mke mlalamishi. Sare kumi na mbili zikaisha. Kichwa chake kilikuwa chepesi, hata akajishangaa.

Saa tatu na nusu lori likapita. Dimbwi lililokuwa mbele ya nyumba lilipasuka, na tope likaruka mpaka dirishani. Sare ya kwanza kwenye kamba, aliyokwisha kuipiga pasi, kola imesimama, mikunjo mitano kifuani imenyooka, ikapata madoa. Aliyahesabu: saba, kifuani kabisa, pale mtu anapoyaona kwanza.

Kola alipiga kelele kama aliyeungua. Alimtukana dereva, akamtukana aliyelitengeneza lori, akaitukana na mvua. Kisha akasimama katikati ya chumba akiziangalia sare thelathini na tisa zilizobaki, akimfikiria mkuu wa chuo, na jina lake, na jina la baba yake. Alijua alichokiapia. Alijiambia atafunga kidogo tu, mpaka malori ya asubuhi yaishe, kisha atafungua tena. Akalifunga. Akarudisha nailoni, msumari kwa msumari. Tambara akalisokomeza chini ya mlango kwa nguvu zaidi kuliko siku zote, kwa sababu maji nayo yalishaanza kupenya.

Saa nne Kifungo alinyamaza. Babu akamrudisha kikapuni, akamfunika mpaka kifuani. "Eeh, mke wangu," akamwambia, "sasa tumeelewana."

Alipiga pasi. Chumba kilikuwa na joto na unyevunyevu, sare nyeupe zimening'inia pande zote, hata ukuta huuoni. Makaa yalikuwa mazuri siku hiyo, mekundu, hayana hata uzi wa moshi. Sare ya ishirini ilimchukua muda, akadhani wanga umezidi. Kichwa kilianza kugonga kwenye kipaji cha uso, akakumbuka hajala. Ya ishirini na moja aliikunja vibaya, akaifungua, akaikunja tena vibaya, jambo ambalo halijamtokea tangu ujana wake, na akacheka peke yake. Miguu ikawa mizito. Uzee huo, akasema kwa sauti, na sauti yake ikamjia kama ya mtu wa chumba cha jirani.

Alimtazama mtoto. Amelala vizuri. Ametulia, midomo wazi kidogo. Mahali fulani kichwani mwake palikuwa na neno kuhusu dirisha, neno alilotakiwa kulikumbuka, na alilitafuta kama mtu anayetafuta funguo mfukoni huku zikimponyoka. Akaona akae kwanza. Kigoda cha mkewe kilikuwa palepale kilipokuwa siku zote. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi, alikikalia.

Yaliyofuata aliyajua kwa kusimuliwa. Nesi alipita saa nane kuchukua sare zilizokwisha kukamilika. Akapiga hodi, kimya. Akasukuma mlango, hauendi, kwa sababu tambara lilikuwa limevimba kwa maji na limeubana chini kama kabari. Akaita, akaita tena. Wakati huo fundi cherehani ndiyo anashuka kutoka kwenye bodaboda, na aliposikia mtoto yumo ndani alitupa vitambaa vya harusi topeni akaja na bega lake. Wanawake wawili waliuvunja ule mlango. Nesi alijifunga mtandio puani, akaingia ameshikilia pumzi, akatoka na kikapu. Fundi alimburura Kola kwa miguu mpaka mvuani. Kamba zilikatika, na sare za mahafali walizikanyaga zote, hawakuziona hata kuziona. Na inasemekana Kola, alipofumbua macho mara moja pale topeni, neno lake la kwanza lilikuwa, "Fungeni mlango."

Alizinduka hospitali, bomba la hewa puani. Nesi alikuwa amekaa kando yake, sare yake haijapigwa pasi.

"Kifungo?" Kola akauliza.

"Yuko hai."

Alilia kwa furaha, akamshukuru Mungu na wanawake wote wa dunia. Nesi hakucheka naye. Alimwacha amalize, kisha akamweleza polepole, kama unavyomweleza mtu unayemheshimu. Kwamba mkaa ukishaacha kufuka ndipo unapotoa ile hewa mbaya zaidi, haina rangi, haina harufu, haimkohozi mtu. Kwamba inaingia kwenye damu na kukaa mahali pa hewa nzuri, ikikataa kutoka. Kwamba mtu mzima anaumwa kichwa, analegea, analala. Kwamba mtoto mdogo hana mdomo wa kulalamikia kichwa.

"Kwa hiyo zile siku alizokuwa analala..." Kola akasema.

"Hakuwa analala, mzee wangu."

Nesi akauliza kwa upole, kwa sababu ilibidi aandike kwenye faili, "Mkeo alifariki kwa ugonjwa gani?"

Kola alifungua mdomo aseme moyo. Alijigeuza akaukabili ukuta, na kilio alichokitoa kiliwafanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wainuke.

Sasa mwaka umepita. Ukipita mtaa ule, madirisha ya dobi yako wazi, hayana hata mabawa, aliyang'oa kwa nyundo mwenyewe siku aliyotoka hospitali, na nailoni akaichoma mbali. Mlango uliovunjwa hakuurudisha mpaka binti yake alipolalamikia wezi. Jiko haliingii ndani hata la chai. Anapiga pasi uani, kwa ile ya umeme iliyokuwa kwenye boksi, waya umepitishwa dirishani, na nguo zake zina vumbi kama za mtu mwingine yeyote. Wateja wa nguo nyeupe walikwenda kwingine. Anafua za rangi.

Binti yake anamsemesha. Anamwandalia chakula, anamsalimia asubuhi, "Shikamoo, baba." Kosa hajamtajia hata mara moja, na Kola angependa amtajie, amtukane, amrushie hata sahani. Fundi cherehani naye, kwa mdomo wake usio na breki, siku moja alijisahau kibarazani akaanza, "Ndiyo maana wahenga walisema majuto ni..." Akamwona mtoto mapajani mwa Kola, akaumeza ule mwisho, akaingia ndani, na cherehani ikakimbia bila kitambaa.

Kifungo ana mwaka na miezi minane. Wenzake wanakimbia, wanaiba sukari, wanaita watu majina. Yeye anakaa pale unapomkalisha. Ukimpa kijiko cha uji anafungua mdomo, ukichelewesha hadai. Daktari alisema tusubiri, ubongo wa mtoto una maajabu yake, na Kola anasubiri. Kila asubuhi anamkalisha kwenye kikapu kilekile, uani, kwenye upepo, mbele ya macho yake, na anamhesabia pumzi huku anapiga pasi.

Juzi lori lilipita mbio, wakati wa kiangazi, na barabara nzima ikainuka. Vumbi liliingia uani, likatua kwenye mashati, kwenye meza, kwenye chai. Zamani angepiga kelele mpaka sauti imkauke. Safari hii aliiacha pasi, akapiga magoti mbele ya kikapu. Vumbi lilikuwa limemtua mtoto usoni, mpaka kwenye kope. Mtoto yeyote angelia. Kola alimshika mikono yote miwili, akamsogelea, akangoja.

"Lia, mke wangu," akamwambia. "Lia basi. Nikasirikie. Mpigie babu yako kelele, mtaa wote usikie."

Kifungo akamtazama babu yake kwa macho yake makubwa, na vumbi likiwa bado kwenye kope, ametulia.